Uzi: Aliyetupikia misibani miaka 20 hakuwa na mtu wa kumtoa hospitali

Binti wa Kilosa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku. Huku Baltimore ni saa sita kasoro, nimetoka zamu, miguu inawaka moto, lakini nisipoandika leo sitaandika tena.

Kwa wasionijua: nina miaka 41, sijaolewa, nimelelewa KKKT, kwa Walutheri, Morogoro, kwaya tangu utotoni. Nilipofika Maryland nilikuwa nasali na Watanzania wenzangu, ila ibada ilikuwa mara moja kwa mwezi na mbali, nami sikuwa na gari. Jirani yangu akawa ananibeba Jumapili kwenda kanisani kwake, la Kibaptisti, la Wamarekani Weusi. Mwaka huu ni wa 7 na sijaondoka. Nalipenda kanisa lile, mlishike hilo kabla hamjaanza kunishukia.

Yupo dada mmoja pale. Nimwite Sista Bluu, kwa ajili ya kofia anayovaa Siku ya Wanawake ya kanisa, kubwa kama ungo. Ana miaka 57, kazi yake ni posta, hajawahi kuolewa. Jikoni kwa kanisa ndiye mwenye funguo. Akifa mtu, yeye saa kumi na moja alfajiri yuko pale na aproni: kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini ya kuoka, mboga za majani kama sukuma wiki zilizochemshwa na nyama ya bata mzinga ya moshi mpaka zinalainika kabisa. Ndani ya mlango wa kabati amebandika karatasi: nani ana sukari, nani hali karanga, nani amefiwa hivi karibuni asipewe kazi ya kukata vitunguu kwa sababu atalia na hatajua analilia nini. Karatasi hiyo anaiandika upya kila Januari.

Basi mwezi wa tatu alinipigia simu usiku, sauti ya chini kama mtu anayekopa hela. "Una nafasi Jumanne?" Alikuwa na kipimo cha utumbo mpana, kile cha kuingiza kamera. Wanakuchoma dawa ya usingizi, na sheria yao ni kwamba huondoki bila mtu mzima wa kukuchukua. Teksi haitoshi, lazima awe mtu wako. Kwenye fomu kuna mstari wa kuandika jina lake. Aliniambia mstari ule ameukodolea macho wiki 3, na kwamba miadi ameshaiahirisha mara 2. Daktari alidhani anaogopa kipimo.

Nikaenda. Muuguzi akauliza, wewe ni nani wake? Nikajibu mdogo wake. Alinitazama, akamtazama, lafudhi zetu kama mbingu na ardhi, akaandika tu.

Kwenye gari dawa ilikuwa haijamtoka vizuri. Akaanza kucheka peke yake, kisha akasema, "Unajua kanisani nipo kwenye orodha 7? Jikoni, mlangoni, kwaya, wageni, wafiwa, shule ya Jumapili, maua. Orodha ya watu wa kupelekewa chakula wakiugua, simo." Kwa nini haumo? Akasema hakuna aliyefikiria, hata yeye hakufikiria, kwa sababu yeye ndiye anayeiandika.

Halafu: "Nimo kwenye huduma ya masingo, wasio na ndoa, tangu nina miaka 27. Miaka 30 wamenifundisha kungoja. Nikipewa mtihani wa kungoja napata mia."

Jumapili iliyofuata mchungaji akahubiri habari za kujiandaa kwa ajili ya Boazi wako, yaani mume unayemngoja, kama yule aliyemwoa Ruthu kwenye Biblia. Mwishoni akawaita wanawake wote wasio na waume wasimame waombewe. Akasimama binti wa miaka 19 mwenye rasta, akasimama Sista Bluu na glavu zake nyeupe za zamu ya mlangoni. Mimi nilibaki nimeketi. Mama wa benchi la nyuma akanigusa bega, akidhani labda kiingereza kimenipita! Nikamwambia mama, nimeelewa.

Kinachoniuma ni hiki. Kanisa linaendeshwa na wanawake ambao linawaambia maisha yao bado hayajaanza. Wakipika, wakitoa zaka, wakilea watoto wa wenzao, hapo ni watu wazima kamili. Ikifika zamu yao ya kuhudumiwa wanaambiwa subiri, yuko mtu anakuja, hiyo ni kazi yake. Asipokuja?

Nakaribisha mawazo. Wa matusi wapite kushoto.

Mchele wa Kyela

Nimeishia pale "yeye ndiye anayeiandika". Naweka kambi hapa na blanketi.

Ila dada, mwisho wake Sista Bluu aliolewa?

Kaka Mwenge

Mimi nitasema ambacho hamtaki kusikia. Hawa wadada weusi wa Marekani wanachagua mno. Nimekaa Atlanta miaka 4. Anataka mwanamume mwenye digrii, nyumba, mrefu, anayejaa Roho na asiye na mtoto. Fundi bomba mcha Mungu hamuoni. Akifika 50 anageuka kulilaumu kanisa. Kanisa limemkosea nini? Watu wa kule ndoa haimo kwenye utamaduni wao, tuambizane ukweli.

Binti wa Kilosa

Kaka Mwenge, karibu kiti, nilijua utakuja.

Kuchagua unachagua kilichopo. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilipiga hesabu ya sensa: kwa kila wanawake weusi 100 wa miaka 25 hadi 54 walio uraiani, wanaume weusi walikuwa 83. Kwa wazungu walikuwa 99. Wale 17 wengi wao wako jela au wamekufa mapema, kwa risasi, kwa moyo, kwa ajali. Ferguson, Missouri, walibaki 60 kwa 100. Huo ni mji, hapo hujagusa benchi za kanisa. Kanisani kuna pungufu juu ya pungufu: utafiti wa Pew wa 2007 ulikuta katika makanisa ya jadi ya Weusi wanawake ni kama 60 kwa kila waumini 100. Kwangu mimi hata hao 40 siwaoni, labda wanaingia kwa mlango wa nyuma.

Sasa mwambie mwanamke huyo asifungwe nira na asiyeamini, halafu mwambie angoje, halafu mwambie anachagua. Hata mchezo wa viti vya muziki una huruma kuliko huo.

Na hilo la utamaduni limenikera. Mpaka kufikia miaka ya 1940 wanawake weusi wa Marekani walikuwa wakiolewa wakiwa wadogo kuliko wazungu. Kilichobadilika baadaye ni viwanda kufungwa na magereza kujaa. Utamaduni umeuingiza wewe.

Mchele wa Kyela, subiri kidogo nitakujibu.

Mzee Kandambili

Wanangu, salamu kutoka Washington. Nimeendesha teksi mji huu tangu wengine humu hamjazaliwa, naomba nichangie mawili matatu.

Kwanza hilo la hospitali ni kweli tupu. Nimeshakodiwa mara si chini ya tano kujifanya ndugu. Mama mzima, amevaa vizuri, ananiambia akiwa kiti cha nyuma: "Ukifika mapokezi waambie wewe ni binamu yangu." Naegesha, napanda juu, nasaini. Mmoja aliniita mjomba wakati ananizidi umri. Nilikuwa nawacheka kimoyomoyo, nikidhani ni wapweke tu wa mjini. Kumbe mmoja wao nilimkuta Jumapili televisheni, yuko mstari wa mbele wa kwaya.

Pili, huyu anayesema ndoa haimo kwenye utamaduni wao. Kijana, enzi za utumwa ndoa zao hazikuwa na nguvu kisheria, mwenye watumwa alikuwa anamuuza mume Mississippi na kumbakiza mke Virginia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha 1865 walifanya nini? Walitafutana. Gazeti la AME, kanisa la Kimethodisti la Weusi, liitwalo Christian Recorder, lilijaa matangazo ya watu wanaotafuta wake, waume na watoto waliouzwa, na wachungaji waliyasoma mimbarini. Waliosubiriana miaka 20 walijipanga foleni kuandikisha ndoa zao. Kwa hiyo usituletee.

Tatu, kuna barabara hapa Kaskazini-Mashariki inaitwa Nannie Helen Burroughs. Miaka nimepita nikidhani ni mke wa tajiri fulani. Sivyo. Alikuwa mwanamke wa Kibaptisti, alizaliwa 1879. Mwaka 1900, ana miaka 21 tu, alisimama Richmond mbele ya mkutano mkuu wa Wabaptisti weusi akaeleza jinsi akina dada wanavyozuiwa kusaidia. Mwaka uleule wakaanzisha umoja wao wa wanawake. Mwaka 1909 akafungua shule ya wasichana hapahapa Washington, kwa senti za wafua nguo na wapishi. Hiyo Siku ya Wanawake ambayo Sista Bluu anavalia kofia, wazo ni la huyuhuyu, mwaka 1906. Alitaka iwe siku ya kuwainua wanawake wajue kusema na kuongoza, ikaishia kuwa siku ya kuchangisha pesa, na jambo hilo lilimuudhi.

Alifariki 1961. Hakuolewa. Wangemsimamisha wamwombee?

Nauliza tu kiungwana: huyo Sista Bluu baadaye alipata mwenza?

Nyota ya Likoni

Hamjambo. Mie ni wa Mombasa, niko Memphis, nasali Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste la Weusi, makao yake makuu yako hapahapa mjini. Dada Kilosa nimekusoma kwa heshima lakini naomba nikupinge kidogo.

Kwetu kule mwanamke hawekwi wakfu kuwa mzee wa kanisa, hilo najua na wengi hawalipendi. Lakini wako Kina Mama wa kanisa, na mtu asiwachukulie mzaha. Idara yao ilianza 1911 chini ya Mother Lizzie Robinson na mpaka leo Mama akikuita pembeni baada ya ibada, magoti yanagonga hata kama wewe ni askofu. Na si lazima uwe na mume kuheshimiwa hivyo.

La pili ni langu binafsi. Nina miaka 36 na nangoja. Sikulazimishwa. Niliwahi kuishi na mwanamume miaka 5 kwa ahadi za kesho, nikatoka na begi moja. Kungoja kwangu ndiko kulikonirudishia akili. Sasa mkisema kungoja ni kudanganywa na kanisa, mwanivua nguo hadharani. Mie nasimama nikiitwa, na naombewa, na nalia, na nikirudi nyumbani nalala vizuri. Mwaniachia nini mkinipokonya hilo?

Binti wa Kilosa

Nyota, umenigusa, na hapo kwenye begi moja nimekaa kimya dakika nzima. Sikupokonyi. Omba mume, mimi pia naomba, tena kwa majina! Ninachokataa ni kwamba maombi hayo ndiyo huduma pekee tunayopewa. Nikiumwa usiku, nataka maombi na gari.

Ruthu Mmoabi

Kwa jina langu hili nadhani nina haki ya kusema juu ya Boazi. 😂

Nimeshauziwa kikombe "Namngoja Boazi wangu" kwenye duka la kanisa. Dola 14. Sasa fungueni Ruthu sura ya 3 jamani. Ruthu hakungoja! Mama mkwe alimwambia aoge, ajipake mafuta, avae, ashuke uwanjani wanakopuria usiku, amwachie Boazi ale ashibe alale, halafu afunue miguu yake ajilaze hapo. Usiku wa manane Boazi anashtuka, nani wewe? Binti anamwambia nitandie vazi lako, maana wewe ndiwe jamaa wa karibu. Huko kwetu tungemwita majina yote.

Na kabla ya hapo alikuwa shambani akiokota masazo ili yeye na Naomi wapate kula. Kitabu kizima ni wajane wawili wanaotafuta chakula. Nilimuuliza kiongozi wetu wa masingo kwa nini hatuhubiriwi sura ya 3 jinsi ilivyo, akaniambia nina roho ya ubishi. Wala 1 Wakorintho 7 haiguswi, pale Paulo anapowaambia wasiooa na wajane ni heri wakae kama yeye alivyo. Hiyo wanairuka kama dimbwi.

Mtumishi wa Tabata

Wa Dar tuko hapa. Msidhani ni Marekani tu. Kule mnasimamishwa, huku tunaitwa mbele kabisa, tunawekewa mikono, tunaambiwa tuna mume wa kiroho, yaani pepo, anayezuia ndoa. Nimeshafunguliwa mara 4. Mume huyo naona ana mkataba wa kudumu.

Ninachowaonea wivu wenzetu ni kofia tu. Mengine yote ninayo. Nimechangia kitchen party na send-off 23, nina daftari, mnaweza kuja kulikagua. Mwaka jana nilivunjika mguu, kundi la WhatsApp la akina mama likaandika "pole dada, Bwana ni mponyaji" watu 61. Aliyekuja na uji ni bodaboda anayenibebaga kwenda kazini, wala si mlokole.

Na kuwa kiongozi wa akina mama bila ndoa? Wanasema utatushauri nini kuhusu waume. Utadhani humo ndani hakuna ajenda nyingine.

Shemasi wa Kweli

Uzi unaelekea kulichafua kanisa. Kanisa lina mfuko wa wagonjwa, lina wazee wa kutembelea. Mtu asiposema shida yake kanisa litajuaje? Huyu dada alinyamaza wiki 3. Kila mtu ana ndugu zake wa damu, kanisa haliwezi kuwa ndugu wa kila mtu.

Binti wa Kilosa

Shemasi, Jumapili nzima tunaitana brother na sister. Ilikuwa utani?

Kuhusu kunyamaza, hapo una nusu ya haki. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akaniambia mwanamke aliyeolewa akisema anaumwa, watu wanasikia anaumwa. Asiyeolewa akisema anaumwa, watu wanasikia analalamika hana mume. Amechoka kuhurumiwa kwa jambo ambalo siku hiyo wala hakuwa analiwaza, aliwaza kipimo.

Ndugu wa damu alikuwa nao. Kaka yake wa pekee alifariki ana miaka 34. Mama yake, Sista Bluu ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, miaka 6, kule kule kwenye nyumba ya matofali mekundu anayoishi leo. Hapo kaa na hesabu ya 83 kwa 100 ujue si ya wachumba tu. Ni kaka, binamu, wajomba, mtu yeyote ambaye angeandikwa kwenye mstari ule wa fomu.

Mzee Kandambili

Hapo kwenye kaka umenimaliza, binti.

Mama Wawili Ohio

Nimeolewa miaka 18, nisome niwe mpole? Niulizeni basi nani alinipeleka kwenye kipimo hichohicho. Dada wa kwaya. Mume wangu alikuwa amelala.

Kaka Mwenge

Hahaha Mama Wawili jamani.

Haya nimesoma vizuri safari hii, hasa maelezo ya mzee. Nakiri la utamaduni nililiokota kwenye podikasti. Ila bado nasimamia fundi bomba. Mnamkataa kanisani kwa sababu hana koti la suti.

Na mnatupeleka mbio, swali la msingi halijajibiwa: aliolewa au hakuolewa?

Ruthu Mmoabi

Fundi bomba alete namba. Siongezi neno.

Binti wa Kilosa

Niseme kilichotokea baada ya hapo, maana mnanijazia sanduku la ujumbe.

Nilipeleka hoja kwa uongozi, nikaambiwa italetwa kwenye kamati. Kamati inakutana mwezi wa tisa. Basi mimi na Sista Bluu tukachukua karatasi, tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, chini ya ile ya wenye sukari. Imeandikwa: nani ana gari, siku gani yuko huru, yuko tayari kukaa kwenye chumba cha kungojea kwa muda gani. Ofisini haijulikani. Wiki ya kwanza walijiandikisha wanawake 9, wote wasio na waume, yaani tuko palepale. Wiki ya tatu akaja mzee mmoja mjane mwenye pikapu, akaomba kalamu. Akaandika: siku zote isipokuwa Jumatano, Jumatano navua samaki. Binti wa rasta wa miaka 19 hana gari ila ameandika kwamba anaweza kukaa na mtu na kumsomea.

Mpaka sasa karatasi imetumika mara 5. Mara ya mwisho ilikuwa mke wa shemasi. Mumewe alikuwa safarini.

Nyota ya Likoni

Nitumie picha ya hiyo karatasi. Naibandika Memphis kesho.

Mchele wa Kyela

Mzee wa pikapu mjane?! Dada Kilosa usitufiche. Ndiye? Yeye na Sista Bluu? Ndoa lini tuchange?

Mtumishi wa Tabata

Mimi nimeshafungua ukurasa wa 24 kwenye daftari.

Binti wa Kilosa

Nimehesabu. Humu na kwenye ujumbe wa pembeni, watu 11 wameniuliza kama Sista Bluu ameolewa.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza majibu ya kipimo.

Walikuta vinyama viwili vidogo, wakavitoa palepale. Si saratani. Arudi baada ya miaka 3, na jina langu limeshaandikwa kwenye fomu.